Hiyo 4.5 Umeitoa Wapi?

Kama umewahi kufungua pedali ya zamani ya gitaa, hasa zile za kukoromesha sauti, namba 4.5 unaijua. Ipo kwenye kila jedwali la volti, ipo kwenye kila video ya matengenezo, na siku hizi ipo hata kwenye vichwa vya watu ambao jedwali lenyewe hawajawahi kuliona. Kolekta ya transista ya pili lazima isome volti 4.5. Ikisoma hivyo, pedali ni nzima. Isiposoma, transista imekufa, ng'oa, weka nyingine.

Uhakiki huu ni wa hilo jedwali. Fundi simlaumu, na nitasema kwa nini huko mbele. Lakini jedwali nalo ni andiko, na linastahili kusomwa kama tunavyosoma maandiko mengine: nani kaliandika, alikuwa wapi, kaacha nini. Matokeo ya kutolisoma hivyo yanaonekana. Pedali inaletwa kwenye kibanda cha fundi Mwananyamala au Tandika, saa nane mchana, bati juu, feni inahamisha joto kutoka kona hii kwenda ile. Mita inasoma 5.9, tena na alama ya kutoa mbele yake. Hukumu inatoka hapo hapo. Transista mbili za miaka ya 1960 zinang'olewa, zinawekwa mpya za silikoni kutoka Kariakoo, na mwenye gitaa anarudi kwake na kitu kinachokoroma, ndiyo, ila si kile alichopeleka. Zile mbili za zamani zinatupwa. Na zilikuwa nzima.

Tuichukue pedali inayotajwa zaidi kwenye majedwali haya, Fuzz Face. Ilitoka London mwaka 1966, kampuni ya Arbiter, kasha la duara kama sahani, na Jimi Hendrix ndiye aliyeifanya ijulikane dunia nzima. Ukiifungua utashangaa hamna kitu: transista mbili, risista nne, kapasita tatu, vitasa viwili vya kuzungusha na betri ya volti 9. Basi. Transista za mwanzo zilikuwa za jemaniamu, kama NKT275 na AC128. Hiyo AC128 usiione ngeni. Ilitumika sana kwenye hatua ya mwisho ya redio za Ulaya za miaka ile, ile inayosukuma spika, kwa hiyo redio mbovu iliyokaa juu ya kabati la bibi inaweza kuwa mgodi.

Kwanza tuimalize hiyo alama ya kutoa, maana inatisha watu bure. Transista hizo ni za aina ya PNP, na waliobuni pedali waliunganisha upande chanya wa betri kwenye ethi, yaani kwenye kasha. Ukiweka waya mweusi wa mita kwenye kasha, kila kitu ndani kitasoma hasi. Hakuna kilichogeuka. Majedwali mengi huandika 4.5 bila alama, kana kwamba kila msomaji anajua, na mwanafunzi anayeona -4.5 anaanza kugeuza betri. Usigeuze betri. Na usiilishe pedali ya namna hii kwa adapta moja na pedali za kawaida zenye hasi kwenye ethi, utaunganisha chanya na hasi kupitia waya za gitaa na moshi utakueleza mengine.

Sasa joto. Hapa ndipo jedwali linapokosea zaidi, na ndipo ninapotaka tukae.

Transista ni kama bomba lenye koki: mkondo mdogo unaoingia kwenye besi (si ile besi ya gitaa) unafungulia mkondo mkubwa wa kolekta. Koki ya silikoni ukiifunga imefunga. Koki ya jemaniamu inavuja. Elektroni za jemaniamu zimeshikwa kwa nguvu ndogo, kama elektronivolti 0.67 dhidi ya 1.1 za silikoni, kwa hiyo joto la chumba tu linatosha kuzing'oa baadhi. Na mvujo huo haupandi kistaarabu: kwa makadirio, unakuwa mara mbili kila joto likiongezeka nyuzi 10.

Tupige hesabu na transista ya mfano. Usiruke aya hii, ni kujumlisha na kuzidisha tu. Kolekta ya transista ya kwanza inalishwa kupitia risista ya omu 33,000, kwa hiyo inapitisha kama mikroampea 255. Tuseme ukuzaji wake ni 55. Besi inahitaji 255 gawa kwa 55, ambayo ni mikroampea 4.6. Kwa nyuzi 20, tuseme mvujo ni mikroampea 1. Mvujo huo unafanya sehemu ya kazi ya besi bila kuombwa, kwa hiyo kutoka nje inahitajika 3.6 tu. Hiyo 3.6 inapita kwenye risista ya omu 100,000 inayotoka emita ya transista ya pili, na kuacha volti 0.36 juu yake. Ongeza volti 0.15 za kati ya besi na emita ya transista ya kwanza, unapata 0.51. Hiyo ndiyo volti ya emita ya pili, na kwa kuwa emita hiyo imekaa juu ya kitasa cha omu 1,000, mkondo wake ni miliampea 0.51. Mkondo huo huo unapita kwenye risista za kolekta, omu 8,200 na 470, na kudondosha volti 4.4. Toa kwenye 9. Umepata 4.6.

Umeona? Jedwali halikudanganya. Kwa nyuzi 20, namba yake ndiyo hiyo hiyo.

Sasa ihamishie pedali Temeke, mchana wa Februari, nyuzi 32, na hapo sijahesabu bati. Mvujo umefika mikroampea 2.3. Besi inahitaji kutoka nje 2.3 tu badala ya 3.6. Risista ya omu 100,000 inabaki na volti 0.23. Volti ya besi na emita nayo inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi, inafika 0.13. Jumla 0.36. Mkondo, miliampea 0.36. Kinachodondoka, volti 3.1. Kolekta inasoma 5.9.

Hakuna kilichoharibika. Pedali ni ile ile, transista zile zile, betri ile ile. Kilichobadilika ni kuwa aliyeandika jedwali alikuwa mahali ambapo nyuzi 20 ni hali ya kawaida, akaona hakuna haja ya kuzitaja. Samaki huwa haandiki habari za maji. Ila jedwali limesafiri, na safari haikubeba hali ya hewa. Tena hapo sijaingiza kuwa ukuzaji wenyewe hupanda na joto, jambo ambalo lingeisukuma namba mbele zaidi upande ule ule.

Kichekesho zaidi ni jaribio la vidole. Miongozo mingi inakwambia: shika transista ya kwanza kwa vidole viwili, angalia mita, ukiona namba inatembea ujue ni jemaniamu inayovuja. Jaribio zuri sana, ukiwa kwenye chumba cha nyuzi 18. Ngozi ya vidole vyako ni kama nyuzi 33 au 34. Kwenye kibanda cha nyuzi 32 unaipa transista nyuzi moja au mbili tu za ziada. Namba inasogea kidogo mno, nawe unaandika kuwa haivuji. Kwetu jaribio linapaswa kugeuzwa. Nunua barafu ya mfuko, ile ya watoto, ikaushe nje vizuri kwa kitambaa, iguse kwenye kofia ya chuma ya transista ya kwanza kwa sekunde chache. Namba itaanza kushuka kutoka 5.9 kuelekea 4.6 mbele ya macho yako. Usiache maji yadondoke kwenye saketi. Hapo umepima kitu ambacho jedwali haliwezi kukupa: umejua ni joto, na umejua ni kiasi gani.

Kuna mtego mwingine wa joto ambao unanisikitisha zaidi kwa sababu unaonekana kama sayansi. Mita za bei nafuu za aina ya DT830 zina kitundu cha kupimia transista, kile kilichoandikwa hFE. Kinaingiza kama mikroampea 10 kwenye besi na kusoma kinachotoka kwenye kolekta. Mvujo nao unatoka kwenye kolekta, na mita haijui tofauti. Ile transista yetu ya 55, kwa nyuzi 20 itasoma kama 61, na kwa nyuzi 32 itasoma kama 68. Yaani ikizidi kuvuja, mita inasema imekuwa bora. Mtu anayechagua transista za jemaniamu kwa kitundu hicho mchana wa jua anaweza kuchagua mbovu kwa uangalifu mkubwa.

Tuiache joto, tuangalie mita yenyewe. Kila mita inakunywa kidogo kwenye kile inachokipima. DT830 ina ukinzani wa ndani wa omu milioni 1, na kwenye kolekta ya pili haitakusumbua. Lakini mafundi wengi, na maabara nyingi za shule, bado wanatumia mita za mshale za aina ya YX-360, zilizoandikwa omu 20,000 kwa kila volti. Ukiiweka kwenye kipimo cha volti 2.5, ukinzani wake ni omu 50,000. Gusa nayo besi ya transista ya kwanza, penye volti 0.13, nayo itavuta mikroampea 2.6. Besi nzima ilikuwa inaishi kwa 2.3! Mkondo kwenye ile risista ya omu 100,000 unakuwa zaidi ya mara mbili, na kule kwenye kolekta ya pili, usikokutazama, volti inaporomoka kutoka 5.9 hadi kama 3.6. Ukiwa umechomeka gitaa utasikia sauti inabadilika wakati waya umegusa. Cha ajabu ni kwamba mshale utakuonyesha karibu 0.13 ile ile, kwa hiyo utadhani hujaharibu kitu. Sijaona jedwali linalosema lilipimwa na mita gani. Na hiyo ya dijitali nayo usiiabudu: betri yake ikichoka inasoma juu ya ukweli, na watu wengi huikumbuka betri hiyo siku skrini inapofifia.

Kuhusu chanzo cha umeme nitapita haraka. Betri mpya ya volti 9 inaweza kusoma 9.5, na kila namba ya jedwali inasogea nayo. Lakini mfano mzuri zaidi ni pedali za Boss za zamani, zile zenye herufi ACA karibu na tundu la adapta. Adapta yake ya asili iliandikwa volti 9 ila haikuwa na kirekebishi, bila mzigo mkubwa ilitoa 12 na zaidi, kwa hiyo ndani ya pedali kuliwekwa risista na dayodi za kupunguza kwenye njia ya hasi. Ukiichomeka adapta ya kisasa iliyorekebishwa, volti 9 kamili, pedali inapata pungufu, taa inafifia, na unaanza kutafuta ubovu usiokuwepo. Ukija kuiunga kwenye mnyororo mmoja wa umeme na pedali nyingine, ghafla inapona, kwa sababu ethi imepata njia ya pembeni kupitia waya za gitaa. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya hili kana kwamba ni majini.

Sasa kwa nini blogu ya wanafunzi wa sayansi ijaze ukurasa kwa pedali? Kwa sababu wewe unayesoma hapa umewahi kufanya kosa la jedwali hata kama hujawahi kushika gitaa. Kumbuka praktiko ya fizikia, uzi na jiwe, unahesabu mizunguko 20 ili upate g. Kitabu kinasema 9.81. Wangapi darasani walipata 9.81, na wangapi "walipata" 9.81? Kupika data tunakujua wote, tumekula wote. Ila jambo ambalo hatukuambiwa ni kuwa 9.81 ni ya kwao. Dunia imebonyea kwenye ncha na imetuna katikati, na inazunguka, kwa hiyo huku karibu na ikweta, usawa wa bahari, g ni 9.78. Kwa uzi na saa ya mkononi tofauti hiyo huwezi kuiona, nakubali, makosa ya mkono yanaimeza. Lakini mwanafunzi wa Chang'ombe aliyepata 9.78 kwa bahati, akafuta na kuandika 9.81, alifuta jibu lililokuwa sahihi zaidi kwa mahali alipokaa. Na yule anayekuja kuwa fundi amebeba zoea hilo hilo. Tofauti ni kwamba kwenye daftari alifuta namba, kwenye pedali anang'oa transista.

Najua utetezi. Fundi ana foleni, mteja amesimama mlangoni anauliza "bado tu?", na jedwali linampa jibu kwa dakika mbili. Sawa. Ndiyo maana nikasema simlaumu. Jedwali lililoandikwa vizuri ni msaada mkubwa kwa mtu wa namna hiyo, na kolekta ikisoma 0 au 9 kamili, basi kweli kuna waya uliokatika au kitu kilichokufa, hapo joto halihusiki. Lawama yangu ni kwa anayeandika namba tatu na kuondoka. Angeongeza mstari mmoja tu, nyuzi ngapi, betri ilisoma ngapi, mita ya aina gani, msomaji wa Mbagala angejua la kufanya. Mwandishi wa jedwali ana muda. Yeye hana mteja mlangoni.

Halafu kuna sikio, ambalo majedwali yanalidharau. Hiyo 4.5 ni nusu ya 9 tu, wazo la kwamba wimbi likatwe sawa juu na chini. Nani kasema sauti nzuri ni ile iliyokatwa sawa? Mchiriku umekua kwenye vitongoji vya mji huu kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye amplifaya zilizochoka na spika za honi, na Jagwa Music walipotoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012, ukwaruzo huo ndio ulioshika masikio ya watu wa nje. Fundi mwenye jedwali angeutengeneza ukaisha. Kwa hiyo kabla ya kufungua bisibisi ya kwanza muulize mwenye pedali: sauti imebadilika lini? Kama anasema asubuhi inaimba vizuri na mchana inakatakata noti zikifa, amekupa kipimo bora kuliko mita yako.

Na kama kweli mchana haimfurahishi, dawa haiko kwenye transista. Ule mkondo wa miliampea 0.36 ukipitishwa kwenye omu 12,000 badala ya 8,200, kolekta inarudi kwenye 4.5 kwa nyuzi 32. Ni risista moja, bei yake haifiki nauli ya daladala. Shida ni kwamba alfajiri ya Julai, nyuzi 20, pedali hiyo hiyo itasoma 2.6 na mwenyewe atarudi. Kwa hiyo mwekee risista ya kurekebishika, ile ndogo inayozungushwa kwa bisibisi, ya omu 20,000, na umwonyeshe pa kuigusa. Usitoboe kasha. Hiyo ya asili ya 8,200 usiitupe, ibandike ndani kwa selotepu pamoja na kikaratasi chenye tarehe, saa, joto la chumba na namba ulizopima, maana atakayeifungua baada yako naye atakuja na jedwali mkononi.